Kufunga taa ya rivasi na ya kazi kwenye Land Rover ya zamani

Kila masika yanapokaribia, wenye Land Rover za zamani huku Nakuru, Njoro na Molo, mpaka kule Kisumu, huuliza maswali yale yale. Ninunue taa ya wati ngapi? Naweza kuunga moja kwa moja kwenye waya wa taa ya rivasi iliyopo? Rilei, ile swichi inayoendeshwa kwa umeme, ni ya nini? Mbona taa ni mpya na inafifia? Nimeona heri niyajibu mara moja, kwa mpangilio wa kazi yenyewe.

Gari ninalolizungumzia hapa ni Series III, iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, kwa kuwa ndiyo bado inayobeba viazi na maziwa mashambani kwetu. Mwenye Series II, IIA au Land Cruiser FJ40 atafuata hatua hizi hizi. Kitakachobadilika ni rangi za nyaya na mahali pa kupitishia.

Tunataka taa za nyuma zinazofanya kazi mbili: ziwake zenyewe ukiingiza rivasi, na ziwake kwa swichi ukiwa umesimama, iwe unapakia mitungi alfajiri, unafunga trela au unabadilisha gurudumu kwenye tope la Mau Narok. Wengi hufikiri wanahitaji taa za aina mbili na swichi mbili. Hapana. Swichi moja ya nafasi tatu inatosha, na nitaeleza jinsi ya kuiunga.

Kwanza lijue gari lako

Fungua boneti uangalie betri. Kwenye Series III, upande hasi ndio uliofungwa kwenye chesisi. Series za miaka ya 1950 na za mwanzo wa 1960 zilitoka kiwandani na upande chanya ukiwa ndio athi, yaani ndio uliofungwa kwenye chesisi. Ukikuta hivyo, usifunge taa ya LED kabla fundi wa umeme hajaligeuza gari upande hasi uwe ndio athi. Ama tumia taa ya balbu ya kawaida, ambayo haijali umeme unaingilia upande gani. Pia kuna Land Rover zilizotoka jeshini zenye volti 24. Hizo zinahitaji rilei na balbu za volti 24.

Jua pia gari linachajiwa na nini. Alteneta ya Lucas 16ACR iliyokuja na Series III hutoa hadi ampea 34. Dainamo ya C40 ya magari ya kabla yake hutoa karibu ampea 22 injini ikikimbia, na injini ikizunguka polepole haitoi karibu chochote. Taa kubwa mbili za mbele peke yake hula ampea 9 au 10. Ukiongeza halojeni mbili za wati 55 nyuma, umeongeza ampea 9 nyingine. Kwa sababu hii nashauri LED: taa ya wati 18 hula ampea moja na nusu tu, na mwanga wake unatosha kazi yote ya shambani.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Taa moja au mbili za LED za kazi, wati 18 hadi 27 kila moja, zenye mwanga mpana. Zile za mwanga mwembamba wa kufika mbali hazifai nyuma. Tafuta alama ya IP67 au IP68, inayoonyesha kwamba taa haiingizi vumbi wala maji. Vumbi letu la Nakuru ni laini kama unga, na taa isiyo na alama hiyo itaota ukungu ndani kabla mwaka haujaisha.
- Rilei ya volti 12 na ampea 30, pini nne, pamoja na soketi yake.
- Kishikio cha fyuzi kisichoingiza maji, na fyuzi za ampea 10. Nunua za akiba.
- Waya wa gari wa nyuzi nyingi: wa milimita za mraba 2.5 kwa umeme wa taa, na wa 1 kwa swichi. Pima kwa kamba njia yenyewe waya utakakopita, kisha ongeza mita moja.
- Swichi ya nafasi tatu, inayowasha juu, inayozima katikati na inayowasha chini.
- Taa ndogo ya onyo ya dashibodi, rangi ya chungwa au nyekundu.
- Teminali za kubana, zikiwemo za pete, mirija inayojibana kwa joto, raba za kuwekwa kwenye matundu, na vifungo vya plastiki.
- Bolti za chuma kisichoshika kutu, nati za kujibana, washa za meno na washa za raba.
- Mita ya umeme au taa ya kupimia, plaisi ya kubania teminali, drili, tupa ndogo, msasa, rangi ya kuzuia kutu na grisi.

Kama vipuri havipatikani Nakuru, wauzaji wa Kirinyaga Road, Nairobi, wanaweza kukutumia kwa matatu. Waya lakini ununue ukiuona kwa macho. Usikubali waya wa kuwekea umeme wa nyumba, ule wenye uzi mmoja mnene. Mtikisiko wa gari huukata ndani ya ngozi yake, na kwa nje utaonekana mzima.

Hatua za kazi

1. Chagua mahali pa taa usiku, kabla ya kutoboa chochote. Mwombe mtu aishike taa nyuma ya gari huku umeiunga kwa muda kwenye betri. Ijaribu kwenye kona ya juu ya bodi, kisha chini karibu na bampa. Taa iliyo chini huonyesha mashimo vizuri wakati wa kurudi nyuma, lakini ukisimama kufanya kazi, miguu yako mwenyewe inaizuia, na tope la magurudumu huifunika ndani ya kilomita chache. Mimi huchagua juu, kwenye kona, ikiinamishwa ili katikati ya mwanga igonge ardhi mita 5 au 6 nyuma ya gari. Hakikisha mlango wa nyuma unafunguka wote bila kuigusa, na gurudumu la akiba haliikingi.

2. Ondoa betri. Anza na waya unaoenda kwenye chesisi, ndipo ufuate ule mwingine. Ukianza na ule mwingine na spana ikagusa bodi, utapata cheche juu ya betri inayotoa gesi.

3. Funga taa. Angalia nyuma ya mahali unapotoboa. Kwenye Land Rover fupi, tangi la mafuta liko chini ya kiti cha mbele cha kulia, na kwenye ile ndefu ya milango mitano liko nyuma kabisa. Toboa kwa biti ndogo kwanza, kisha ya kipimo. Lainisha kingo kwa tupa na upake rangi. Bodi ni ya alumini na bolti ni ya chuma, na maji yakiingia katikati yake alumini huliwa ikawa unga mweupe. Weka washa ya raba pande zote mbili na grisi kidogo kwenye bolti. Fundi akikuambia atachomelea kishikio, kubali kwenye chesisi peke yake, betri na alteneta zikiwa zimefunguliwa nyaya. Alumini ya bodi haichomelewi kwa mashine ya kawaida ya jua kali.

4. Funga rilei. Iweke kwenye ukuta ulio kati ya injini na abiria, juu, mbali na eksozi, pini zikitazama chini ili maji yadondoke yasiingie. Chini ya rilei kuna namba, na namba hizo ndizo ramani yako: 30 hupokea umeme wa betri, 87 huupeleka kwenye taa, 86 hupokea amri ya swichi, 85 huenda athi.

5. Vuta waya wa moto. Kutoka upande wa betri usiofungwa kwenye chesisi, weka kishikio cha fyuzi ndani ya sentimita 15 hadi 20, kisha endelea hadi 30. Fyuzi usiitie bado. Hapa ndipo ninapowasihi watu sana. Fyuzi ipo kulinda waya, wala si taa. Ukiiweka huko nyuma karibu na taa, mita zote za waya kabla yake hazina ulinzi, na siku ngozi ya waya ikikwaruzwa kwenye chesisi, utawaka wote mpaka kwenye betri. Kuna magari mazuri yaliyoteketea hivyo, na kilichoyateketeza kilikuwa waya wa bei ndogo sana.

6. Peleka waya wa 87 nyuma. Uvalishe mrija wa plastiki na uufunge juu ya chesisi kila sentimita 30 hivi, upande usio na eksozi. Uweke mbali na bomba la breki na shafti inayozunguka. Kila unapopita kwenye bati weka raba ya tundu. Karibu na taa acha mzingo mdogo unaoning'inia chini kuliko taa, ili maji yakifuata waya yadondokee hapo.

7. Tengeneza athi. Kama una dakika ishirini tu za kufanya kazi kwa uangalifu, zitumie hapa. Bodi ya Land Rover imefungwa kwenye chesisi kwa bolti zenye kutu na rangi katikati, kwa hiyo usiitegemee kurudisha umeme. Toa waya mweusi wa kila taa, ule wa 2.5, hadi kwenye chesisi yenyewe, karibu na boriti ya nyuma. Kwaruza mpaka chuma king'ae, funga teminali ya pete kwa bolti na washa ya meno, kaza, kisha paka grisi au rangi juu yake. Pini 85 ya rilei ifanyie vivyo hivyo huko mbele. Halafu angalia mkanda mzito unaotoka betri kwenda chesisi. Ukiwa umeota unga wa kijani, ubadilishe sasa, maana hakuna taa itakayofanya kazi vizuri juu yake.

8. Tafuta waya wa rivasi. Kiwandani ulikuwa wa kijani wenye mstari wa kahawia. Lakini magari haya yamepitia mikono ya mafundi wengi, na rangi peke yake haitoshi. Rudisha betri kwa muda, washa ufunguo bila kuwasha injini, ingiza rivasi, na upime: waya unaotafuta una umeme gia ikiwa rivasi, na hauna kwenye gia nyingine yoyote. Ukiupata, zima ufunguo mara moja. Injini za petroli zenye platini (ncha zinazofunga na kufungua umeme wa koili ya cheche) hazipendi ufunguo uliowashwa bila injini kuzunguka. Koili hupata moto na platini huungua. Kisha fungua betri tena.

   Series nyingi hazikuja na taa ya rivasi. Kama lako ni mojawapo, tafuta swichi ya kubonyezwa isiyoingiza maji, uitengenezee kishikio juu ya giaboksi ili gia ya rivasi ndiyo iibonyeze. Ilishe kutoka waya wa kijani mtupu, ule unaopata umeme ufunguo ukiwashwa na ambao tayari una fyuzi. Pitisha gia zote uone kwamba hakuna nyingine inayoibonyeza.

9. Unga swichi ya nafasi tatu. Pini ya katikati inaenda 86 ya rilei. Pini moja ya pembeni inapokea waya wa rivasi. Pini nyingine inapokea umeme wa taa ndogo za gari (zile za kuegeshea), ambao kwenye Land Rover ni waya mwekundu. Matokeo yake ni haya: swichi ikielekea upande wa rivasi, taa huwaka zenyewe kila unaporudi nyuma, ikiwa katikati, zimekufa kabisa, ikielekea upande wa pili, huwaka kwa kazi ilimradi taa ndogo zimewashwa.

   Watu huniuliza mbona taa ndogo na si ufunguo. Sababu ni mbili. Taa ndogo za Land Rover huwaka bila ufunguo, kwa hiyo hutachoma koili ukifanya kazi injini ikiwa imezimwa. Na ukizizima taa ndogo unapoondoka, taa ya kazi inazimika pamoja nazo, wala hutaikuta betri imekufa asubuhi. Usihofu kuzilemea, kwa kuwa rilei huvuta chini ya robo ampea kuendesha koili yake. Wala umeme wa upande mmoja hauwezi kurudi upande wa pili, kwa sababu swichi haigusi pande zote kwa wakati mmoja. Ndiyo maana huhitaji diodi yoyote, ile inayoruhusu umeme kupita upande mmoja tu.

10. Unga taa ya onyo. Toa waya mwembamba kutoka 87 hadi kwenye taa ndogo ya dashibodi, na kutoka hapo hadi athi. Weka fyuzi ya ampea 2 au 3 mwanzoni mwa waya huo, kwa kuwa ni mwembamba kuliko ule ambao fyuzi kubwa inaulinda. Usiiruke hatua hii. Taa nyeupe ya nyuma humwambia dereva aliye nyuma yako kwamba unarudi nyuma. Ukiisahau ikiwaka ukishuka mteremko wa Mau Summit usiku, unampofusha na kumchanganya kwa wakati mmoja.

11. Rudisha betri, tia fyuzi, jaribu. Waya wa chesisi uwe wa mwisho safari hii. Jaribu swichi nafasi zote tatu, ukiingiza rivasi na bila rivasi. Kisha, taa zikiwaka, pima volti kwenye betri, halafu pima kwenye taa yenyewe, nyuma. Tofauti isizidi nusu volti. Ikizidi, shughulika nayo sasa kabla hujafunga vifuniko.

Makosa ninayoyaona mara kwa mara

Kubwa ni kuunga taa mpya juu ya waya wa taa ya rivasi bila rilei. Mwanzoni huwaka vizuri. Lakini swichi ya giaboksi iliundwa kwa balbu ya wati 21, inayovuta ampea 1.75. Mtu akibadilisha baadaye akaweka halojeni mbili, ncha za swichi ile huungua na rivasi hupotea kabisa.

La pili ni kusokota nyaya kwa vidole na kuzungushia tepu nyeusi. Joto la chini ya boneti huyeyusha gundi, tepu hufunguka, na waya hubaki uchi. Bana teminali kwa plaisi yake, vuta kwa nguvu uone kama inatoka, kisha uvalishe mrija wa joto. Vibano vya haraka vinavyotoboa ngozi ya waya navyo sivitaki kwenye gari la shamba. Maji huingia palipotobolewa na shaba huliwa kimyakimya.

La tatu ni kuongeza ukubwa wa fyuzi inapokatika. Fyuzi ya ampea 10 ikikatika kwenye taa zinazovuta ampea 5, kuna waya umegusa chuma mahali. Ukitia ya 30, hujatengeneza kitu, umeondoa ulinzi tu.

Ikikataa

*Rilei inalia "tik" lakini taa haziwaki.* Amri inafika, umeme mkubwa haufiki. Pima 30: pasipo na umeme, ni fyuzi au teminali ya betri. Ukiwepo, pima 87 rilei ikiwa imelia. Pakiwa na umeme hapo pia, tatizo liko nyuma, na mara nyingi ni athi.

*Rilei hailii.* Pima 86 swichi ikiwa imewashwa. Hakuna umeme: rudi kwenye swichi, na uhakikishe taa ndogo zimewashwa kweli. Umeme upo: gusisha 85 kwenye upande hasi wa betri kwa waya wa pembeni. Ikilia, athi ya 85 ni mbovu. Isipolia, badilisha rilei.

*Rilei inatetemeka na kulia mfululizo.* Volti zimeshuka mno. Angalia betri kwanza, kisha athi ya 85.

*Taa zinafifia.* Unga waya mrefu kutoka upande hasi wa betri moja kwa moja hadi waya mweusi wa taa. Zikichangamka, rudia hatua ya 7. Zikibaki vile vile, kuna teminali iliyobanwa vibaya upande wa moto. Iguse kila moja baada ya dakika kumi za kuwaka. Iliyo mbovu itakuwa na joto.

*Ukikanyaga breki, taa nyingine ya nyuma inawaka kidogo, au indiketa inabadilika kasi.* Hizo ni taa za zamani za gari zinazogawana athi mbovu, na umeme unatafuta njia ya kurudi kupitia balbu za jirani. Zipe nazo waya wa athi hadi kwenye bolti ile ile uliyoitengeneza kwenye boriti ya nyuma.

*Redio inakoroma taa zikiwashwa.* LED za bei ya chini hutoa kelele hiyo. Sogeza waya wake mbali na waya wa eriali. Ikiwa bado inakoroma, taa yenyewe ndiyo ya kubadilisha.

*Fyuzi inakatika unapopita barabara mbovu tu.* Waya unaguswa na kitu kinachocheza. Ingia chini ya gari na tochi, anzia pale waya unapotoka kwenye bodi kuingia chesisi, kwa sababu bodi na chesisi hazichezi pamoja. Tafuta mahali ngozi ya waya imeng'aa au imekwaruzwa. Kata kipande hicho, unga kipya, na uache waya ukiwa umelegea kidogo pale unapovuka.